Kipande Kilichongojea Kilio

Clotilde Chishimba hakuumbiwa kiti. Maneno hayo yalisemwa na mama yake mzazi mbele ya majirani, na majirani wa komine ya Kenya, mtaa mmoja wa hapa Lubumbashi, si watu wa kusahau neno tamu kama hilo. Akila, alikula amesimama, sahani mkononi, anachungulia dirishani kama mtu anayengoja gari. Kanisani alichagua benchi la nyuma kabisa, jirani na mlango, na mahubiri yakirefuka alitoka nje kuangalia kama mvua inakuja, hata mwezi wa saba, katikati ya kiangazi. Mumewe wa zamani, wazee walipomwuliza kwa nini ndoa imemshinda, alijibu kwamba hana ubaya wa kumsema yule mwanamke, ila amechoka kuongea na mtu anayepita.

Sasa mtu wa namna hiyo Mungu akampa kazi gani? Akampa kazi ya utulivu. Clotilde alikuwa fundi katika maabara ya hospitali moja ya mjini, ile maabara inayopokea vipande vya uvimbe kutoka chumba cha upasuaji. Kipande hufika ndani ya kikopo cha formol, dawa ya maji inayochoma macho na kuzuia nyama isioze. Mafundi hukitoa humo, hukipitisha kwenye mashine ya kukausha maji, hukizamisha kwenye nta, na nta ikiganda hukikata utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, wakaulaza juu ya kioo na kuupaka rangi. Ndipo Docta Martine, mkubwa wa maabara, anapoweka jicho kwenye hadubini na kusema ni saratani au siyo. Mbele ya kisu cha ile mashine ya kukatia, Clotilde aligeuka mtu mwingine. Mikono ilitulia, pumzi ikashuka, na utando ukatoka mzima bila kuchanika. Miguu tu ndiyo iliyoendelea kupigapiga sakafu chini ya meza.

Mwaka huu kikopo kimoja kilikuja na jina alilolijua. Kalaba, wa Kasungami.

Kalaba alikuwa mjomba wake, mdogo wake mama yake tumbo moja. Na kwa watu wao, mjomba si mgeni wa Krismasi anayekuja na mkate. Mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba yake Clotilde alipokwenda zake, Kalaba hakufanya mkutano. Aliongeza tuta moja la lengalenga, kisha lingine, na kwa mboga hizo Clotilde akasoma mpaka akapata diploma. Kila alfajiri mzee yule aliingia kijitoni pale Kasungami, maji magotini, kujaza ndoo za kumwagilia. Alianza tangu utotoni, na akiwa kijana mkojo ulimtoka mwekundu. Wenzake wa kijitoni nao ulikuwa mwekundu, na wote walidhani ndiyo dalili ya kuwa wanaume. Kilikuwa kichocho, mdudu wa maji, ambaye akikaa kibofuni miaka na miaka hukiacha na makovu, na makovu hayo wakati mwingine huzaa saratani.

Damu iliporudi uzeeni, mzee hakumwambia mtu. Aliona haya kumweleza mtoto wa dada yake habari za mkojo wake. Alisema tu mgongo unauma. Walipokuja kumpeleka hospitali, uvimbe ulikuwa umeshazama kwenye ukuta wa kibofu, na daktari wa upasuaji, baada ya kukwangua alichoweza, alimwambia Clotilde wazi kwamba kisu peke yake hakitamaliza kazi hii.

Siku ile ile kikopo cha mjomba kilipotua kwenye rafu ya maabara, mama yake Papa Symphorien alifariki.

Papa Symphorien ndiye aliyekuwa fundi mkuu, na ndiye aliyemfundisha Clotilde kushika kisu. Hapa kwetu mwenzako wa kazi akifiwa, hupeleki salamu za simu na kurudi kwenye meza yako. Mnakwenda wote. Wanawake wanakaa chini mkekani na kupika, wanaume wanakaa nje kwenye moto, na atakayebaki kazini atasemwa mpaka kilio chake mwenyewe kitakapofika, na siku hiyo ataona nani atakuja. Kwa hiyo maabara ilifungwa. Gauthier, fundi kijana, aliuliza mlangoni kama vikopo vya kwenye rafu vingeingizwa kwanza kwenye mashine. Clotilde, ambaye tayari alikuwa amevaa kitenge cha kilio na mguu mmoja uko nje, ndiye aliyemjibu.

“Biko mu formol, Gauthier. Bitatungojea.”

Na kweli vilingoja. Kilio kilikwenda kama vilio vinavyokwenda: maziko yalisogezwa kwa sababu ndugu wa Likasi walichelewa, kisha yakaja maombi, kisha ukoo ukagombana juu ya mwiko na bakuli za marehemu. Waliporudi kazini umeme ulikuwa umekatika, na mashine ikalala tena. Vilipotolewa vipande, vilikuwa vimekaa kwenye formol muda ambao hakuna kitabu kingeukubali. Lakini havikuoza. Rangi ya kawaida ilishika vizuri, Docta Martine akasoma, akaandika: saratani ya kibofu. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Miezi ikapita, na ndipo matumaini yakaja, na kwa mtu kama Clotilde matumaini ni kama pilipili machoni.

Madaktari wa kigeni walikuwa wakitafuta wagonjwa wa saratani ya kibofu ili wawatibu kwa dawa mpya ya majaribio. Lakini hawakumtaka kila mgonjwa. Seli za uvimbe mwingine hubeba juu yake protini fulani kwa wingi kupita kiasi. Wenye vitabu wameipa herufi na namba. Maabara waliiita antena, kwa sababu husimama juu ya seli kama antena za televisheni juu ya mabati ya Kenya. Dawa ile hushika antena, ndipo ikaingia ndani na kuua. Seli isiyo na antena, dawa inaipita tu. Mwenye antena angepokelewa, asiye nayo angebaki. Na mlango wa kupokea watu ulikuwa karibu kufungwa.

Kuitafuta antena ni kazi ya moto na rangi. Formol huzuia nyama isioze kwa kukaza na kufungafunga protini zake. Kwa hiyo utando, ukishalazwa kwenye kioo, huchemshwa kwanza ili zifunguke. Maabara walichemshia kwenye sufuria ya presha, ile ile ya maharagi, iliyonunuliwa sokoni. Kisha humwagiwa kingamwili inayojua kuinatia antena peke yake, kisha rangi. Penye antena huwa kahawia. Pasipo na kitu hubaki buluu. Na pembeni ya kila kioo huwekwa shahidi: kipande cha mgonjwa mwingine ambacho wote wanajua kina antena. Shahidi akiwa kahawia, basi dawa na moto vimefanya kazi yake. Shahidi wao wa siku hizo alitoka kwenye titi la mama mmoja wa komine ya Annexe. Kipande chake cha kwanza kilikuwa kikubwa, kikatoka kahawia vizuri mno, hata Docta Martine akasema kilichobaki kitunzwe.

Clotilde alikata utando wa mjomba wake mwenyewe. Kusoma hakuruhusiwa, sheria ya maabara ni kwamba hakuna anayesoma nyama ya ndugu yake. Alisimama nyuma ya kiti cha Docta Martine, akahamia dirishani, akarudi, akafuta meza ambayo Gauthier alikuwa ameshaifuta.

“Clotilde, unanifanya kizunguzungu,” Docta Martine alisema bila kuinua kichwa. Kisha akasogea ili mwenzake aone. “Tazama mwenyewe. Shahidi iko brun. Ya mujomba wako iko bleu. Pole sana.”

Clotilde alitazama. Shahidi alikuwa kahawia kama chai ya rangi. Mjomba alikuwa buluu tupu, mwanzo mpaka mwisho.

Mchana huo huo alipanda pikipiki ya kukodi mpaka Kasungami, na hata hakumwambia dereva azime. Mjomba Kalaba alikuwa ameinama kwenye matuta. Clotilde alisimama ukingoni, viatu vya mjini miguuni, akamrushia habari kama mtu anayemrushia mwenzake mzigo kutoka kwenye lori.

“Mujomba, ile dawa haitawezekana. Tulitafuta, hatukuona kintu. Tutatafuta njia ingine.”

Mzee alinyooka polepole, mkono kiunoni. “Sawa, mwipwa,” alisema. Akangoja kidogo kuona kama kuna neno la pili. Halikuwepo. Pikipiki ilikuwa inanguruma, na Clotilde alikuwa anaogopa kwamba akibaki atalia, na akilia mzee ndiye atakayembembeleza. Akaondoka.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekaa naye kwa amani. Alimgombeza Gauthier kwa kufunga chupa vibaya, kisha kwa kuifunga sana. Alipanga upya rafu za maabara, na asubuhi iliyofuata akazirudisha zilivyokuwa. Nyumbani alihamisha kitanda. Papa Symphorien alimwambia haraka haraka haina baraka, na yeye akamjibu kwamba hana haraka yoyote, na akamjibu huku anatembea. Alikuwa na hasira, na kibaya zaidi hakujua anamkasirikia nani. Docta Martine alisoma sawa. Shahidi alikuwa kahawia. Moto ulitosha. Kila kitu kilikuwa sawa, na mjomba wake alikuwa anakufa.

Jumamosi alimkuta mama yake jikoni uani, anakoroga maharagi na kulaani mfanyabiashara. Makaa yalikuwa yameongezwa na kuongezwa tena, na maharagi yanagonga sufuria kama kokoto.

“Ule muntu aliniuzisha ya mwaka jana,” mama alisema. “Ilikaa mingi mu gunia. Ile inakaa bile, moto ya kawaida haitoshe. Ikala, tungojee.”

Clotilde, kama kawaida, hakukaa. Lakini safari hii alisimama kweli. Alisimama bila kwenda popote, mwiko wa mama umedondoka majivuni na yeye hauoni. Kukaa sana. Moto wa kawaida. Nyama iliyolala kwenye formol kilio kizima, ikafungwafungwa protini zake kuliko kawaida, imechemshwa muda ule ule wa nyama isiyolala. Na shahidi? Shahidi alikatwa asubuhi, akaingia kwenye mashine jioni. Shahidi hakukwenda kilio. Moto uliomtosha shahidi haukusema lolote juu ya aliyelala.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hapa ilikuwa kinyume: kilio ndicho kilichoficha.

Akakumbuka sauti yake mwenyewe mlangoni, kitenge kimeshafungwa. Bitatungojea.

Jumatatu alimkabili Docta Martine kabla hajavua koti. Docta alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke wa familia ya Kasai, mzaliwa wa hapa, mwenye kupima maneno, na hakupenda kukurupushwa asubuhi.

“Inawezekana,” alisema. “Kukaa sana kunaficha, hiyo tunajua. Mais écoute, sikiliza. Nikikuruhusu uchemshe mpaka upendavyo, mwishoni kila kitu kitageuka brun, hata kioo. Utanipa jibu ambalo unalitaka, sio jibu la kweli. Nani atanihakikishia?”

“Shahidi mwingine, Docta. Ule alikaa mu formol sawa na mujomba. Wa kilio ile ile.”

“Na ambaye tunajua iko na antena? Tutamutoa wapi?”

Clotilde alifungua mdomo kusema hajui, na hapo hapo akajua. Vikopo vilikuwa vingi kwenye rafu siku ile. Kimoja kilikuwa cha yule yule mama wa Annexe. Baada ya kile kipande cha kwanza alipewa dawa za kupunguza uvimbe, kisha akapasuliwa, na kipande cha upasuaji kikafika maabara siku moja na cha mjomba. Kikalala kilio. Na Gauthier alipokipima antena, kilitoka buluu. Hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa dawa kali huweza kubadilisha uvimbe, na Docta Martine aliandika hivyo, kwa haki kabisa: antena imekwisha, na dawa ya antena, ambayo kwa titi imeshazoeleka, haikutolewa.

“Docta,” Clotilde alisema, “shahidi yetu na ule mama wa Annexe, ule tuliandika antena yake imekwisha, ni muntu moja. Na kipande yake ya pili ililala mu kilio.”

Docta Martine alivua miwani. Alikaa chini huku koti bado liko begani.

“Kama ni vile unasema,” alisema, “basi miye nilimunyima ule mama dawa yake.”

Wakafanya kazi pamoja, kwa masharti ya Docta. Vipande vitatu vya kilio kile vingechemshwa kwa muda ulioongezwa: cha mjomba, cha mama wa Annexe, na cha mgonjwa wa tatu, nyama ya kawaida isiyo na saratani wala antena nyingi. Majina yafichwe. Gauthier angebandika alama na kuzichanganya, Docta angesoma bila kujua kipi ni cha nani. Yule wa tatu akigeuka kahawia, moto umezidi na majibu yote yanatupwa. Na Clotilde, baada ya kukata, atoke nje ya chumba.

Alitoka. Uani mwa hospitali alitembea kutoka bomba la maji mpaka ukutani, kutoka ukutani mpaka bomba, mpaka mfagiaji, Mama Chancelvie, akamwomba achague upande mmoja ili yeye afagie mwingine. Ndani, sufuria ya presha ilipiga mluzi. Clotilde alimwomba Mungu, na hakuomba kwa adabu. Aliomba kahawia. Alimwambia Mungu kwamba mzee yule aliingia majini kwa ajili yake, tuta kwa tuta, na kama kuna haki duniani basi ionekane leo juu ya kioo. Alijiona tayari anashuka kwenye pikipiki Kasungami, anapiga kelele tangu barabarani. Alijua kabisa moyoni kwamba imefichwa tu, imo, inangoja kufunguliwa.

Gauthier ndiye aliyemwita, kama mdogo amwitavyo dada yake. “Yaya Clo, kuya.”

Vioo vilikuwa vimepangwa, alama zimeshafunuliwa. Docta Martine alimpisha kiti, na Clotilde akainama bila kukikalia.

Wa tatu, buluu, kama inavyotakiwa. Moto haukuzidi.

Mama wa Annexe, kahawia. Kahawia ya kweli, imezunguka kila seli kama pete. Antena zake zilikuwepo siku zote.

Mjomba Kalaba, buluu. Clotilde alisogeza kioo kushoto, kulia, juu, akarudi pale alipoanzia. Alitafuta seli moja, hata moja ya pembeni, iliyoshika rangi. Utando ulikuwa mzuri, haukuchanika mahali. Aliukata mwenyewe.

“Tulirudia mara mbili,” Docta Martine alisema taratibu. “Sasa ni buluu ya kweli, Clotilde. Haifichwe tena.”

Nisiwafiche: kwa muda aliosimama pale alimchukia yule mama. Hakuwahi kumwona, hakujua sura yake wala watoto wake, na alimchukia kwa nguvu zote, kama mtu aliyemwibia mlangoni. Kisha Docta Martine akachukua simu kumwita mgonjwa wake arudi, na sauti yake ilipasuka kwenye neno la salamu. Papa Symphorien, aliyesimama mlangoni, alisema kwamba kuanzia leo kilio kikitokea, hata kiwe chake, mmoja abaki na vikopo, na atakayemsema huyo aje kwake kwanza. Clotilde alisikia yote hayo. Chuki ilimtoka polepole, kama maumivu ya jino, ikaacha tu uchovu.

Alikwenda Kasungami siku ile ile. Safari hii alimlipa dereva na kumwambia arudi mjini. Akavua viatu, akavishika mkononi, akapita katikati ya matuta mpaka pale mjomba wake alipokuwa anakata lengalenga kwa kisu kidogo. Mzee alikuwa amekonda, shati linaning'inia. Alimtazama, kisha akatazama barabarani nyuma yake.

“Leo haukungojesha pikipiki.”

“Niliirudisha, Mujomba.”

“Basi iko mubaya,” alisema mzee.

Clotilde akakaa. Alikaa chini kabisa, juu ya udongo uliomwagiliwa, na maji yakapenya kwenye sketi yake ya kazini. Akaeleza yote tangu mwanzo: kilio, vikopo, neno lake mlangoni, maharagi ya mama, shahidi, na mtu wa pili ambaye jina lake hakulitaja. Hakurusha maneno. Alipofika kwenye buluu, aliisema mara moja, kwa kituo. Mzee alisikiliza huku anafuta kisu kwenye suruali, upande huu, upande ule.

“Na ule mwingine?” aliuliza. “Ule tulilala naye mu kilio?”

“Yake ilitokea. Atapata dawa.”

“Ni mwanamuke?”

“Ni mama. Iko na batoto, nazani.”

Mjomba Kalaba akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa bei na kuiona ya haki. Akainama, akakata konzi ya lengalenga, ile laini ya juu, akaiweka pembeni peke yake. “Hii ni yake. Jina yake sitaki. Wakati atakuya kule kwenu, umupatie. Damu yake haiko mingi sasa.”

Clotilde alilia. Hakugeuza uso.

“Mwipwa,” mzee alisema, “siku ile ulinijibu umesimama. Miye sikukuamini. Nilisema, huyu atarudi, iko na haraka tu, neno ya mwisho haijasema bado. Basi kila siku nikisikia pikipiki pa barabara, nilinyanyula kichwa.”

“Kila siku, Mujomba?”

“Kila pikipiki.”

Alisema hivyo bila kulaumu. Clotilde alifikiria barabara ile, na pikipiki zote zinazopita huko tangu alfajiri.

“Leo umeikala,” mzee akaendelea. “Sasa nimesikia. Nisaidie kufunga.”

Akamsogezea kamba za migomba. Wakafunga mafungu, yeye anakata, mpwa wake anakaza fundo, na jua likawa linashuka upande wa mjini. Miguu ya Clotilde ilikuwa imenyooka mbele yake kwenye tope, wala haikupiga chini. Pikipiki ikapita barabarani, kisha nyingine. Mjomba Kalaba hakunyanyua kichwa.